Nukta nyeusi kwenye mgongo wa Ba'mdogo

Daktari alifungua picha mbili na kuziweka sambamba kwenye skrini. Kushoto ilikuwa mifupa ya Ba'mdogo, mgonjwa wa saratani ya tezi dume, kabla hajaanza sindano za kushusha homoni za kiume. Kulia ilikuwa mifupa ile ile, miezi mitatu baadaye. Picha hizi, za kipimo kiitwacho skani ya mifupa, hazifanani na eksirei tulizozizoea. Ni umbo la mtu mzima, kuanzia fuvu hadi nyayo, lililochorwa kwa vumbi la kijivu, mara moja kwa mbele na mara moja kwa nyuma. Kwenye picha ya zamani kulikuwa na doa jeusi kwenye nyonga ya kulia na mengine mawili chini ya mgongo.

Kwenye picha mpya yote matatu yamekolea. Na juu yake, katikati ya uti wa mgongo, kulikuwa na mawili mageni.

Ba'mdogo aliinama kuelekea skrini. "Mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "mbona yameongezeka?"

Daktari alimsikia. "Mzee, maumivu yakoje siku hizi?"

"Yamepungua, daktari. Usiku nalala."

"Na PSA yako, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imeshuka kutoka zaidi ya 200 hadi chini ya 10. Basi picha hii tusiihukumu leo. Inawezekana kabisa ni mfupa unaopona."

Mfupa unapona, halafu picha inazidi kuwa nyeusi.

Nilitoka pale na maneno hayo kichwani, na kwa wiki kadhaa hayakuniacha, si kwenye daladala, si kitandani. Daktari yule ni muungwana, na waungwana huwapa wazee moyo. Je, alikuwa anatufariji tu? Au kweli kipo kipimo ambacho doa likikolea linaweza kuwa habari njema?

## Dawa inafikaje mfupani

Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa kwenye kipimo hiki anaijua ratiba. Asubuhi mgonjwa anachomwa dawa ya mionzi kwenye mshipa, bomba la sindano likiwa limevikwa kava zito la kuzuia mionzi. Anaambiwa anywe maji mengi na aende haja ndogo mara kwa mara. Anasubiri saa mbili hadi nne. Kisha analala kwenye kitanda chembamba, kamera ya gama inampitia polepole, na picha inatoka.

Swali langu lilikuwa kwenye zile saa za kusubiri. Dawa imeingia kwenye mshipa wa mkono. Damu inaisambaza kila mahali: kwenye ini, kwenye misuli, kwenye mapafu. Inakuwaje saa tatu baadaye iwe imeacha yote hayo na kutulia kwenye mifupa?

Kumbe dawa yenyewe ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja.

Cha kwanza ni teknetiamu-99m. Hiki ndicho kinachotoa miale ya gama ambayo kamera inaiona, na hakina habari na mfupa hata kidogo. Kikichomwa peke yake kinakwenda kwenye tezi ya shingo, tezi za mate na tumbo. Cha pili ni molekuli ndogo iitwayo MDP, na hiyo ndiyo inayoshika mfupa. Ili viungane, chupa ya MDP inakuja ikiwa na bati kidogo ndani yake. Bati ndilo linaloibadilisha teknetiamu ikubali kushikamana na mwenzake. Hewa ikiingia kwenye chupa, bati linaharibika, teknetiamu inabaki huru, na msomaji wa picha anakuta tumbo na shingo vimekolea isivyopaswa.

MDP ina fosforasi mbili zilizounganishwa na kaboni katikati. Mwili una molekuli yake inayofanana nayo, pairofosfeti, lakini hiyo katikati ina oksijeni, na vimeng'enya vyetu vinajua kuikata hapo. Penye kaboni haviwezi. Kwa hiyo MDP inafika ikiwa nzima, inakutana na fuwele za mfupa, ambazo ni kalsiamu na fosfeti, na kujibandika juu yake. Gopal Subramanian na John McAfee, waliokuwa wakifanya kazi Syracuse, jimbo la New York, walitangaza mwaka 1971 namna ya kuifunga teknetiamu kwenye fosfeti. MDP ikafuata mwaka 1975, na hadi leo ndiyo mojawapo ya dawa zinazotumika zaidi kwa kipimo hiki.

Karibu nusu ya dawa inaishia mfupani. Iliyobaki inachujwa na figo na kutoka na mkojo, na ndiyo maana mgonjwa anasisitiziwa maji.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi mapema. Kwenye kipimo cha kwanza cha Ba'mdogo, fundi wa kamera aliona doa kwenye paja la kushoto. Hakusema kitu mbele za watu. Alimwita mzee pembeni, akampa maji na gauni la hospitali, akamwomba ajisafishe paja na kubadilisha suruali. Picha ya sehemu ile ikarudiwa na doa halikuwepo. Lilikuwa tone la mkojo. Mzee mwenye shida ya tezi dume hawezi kuamrisha kila tone, na tone moja lenye dawa ndani yake linaonekana kwenye kamera kama ugonjwa wa mfupa. Ukimpeleka mzazi wako, mchukulie nguo za akiba. Na kama fundi atamwita pembeni, mwache aende peke yake.

## Mkaa wa mifupa wa Ngurdoto

Ba'mdogo ni mtu wa Usa River. Meno yake ni ya kahawia, kama ya wengi waliokulia chini ya Mlima Meru. Huku Dar watu wakiyaona wanasema tu, "huyu wa Arusha." Chanzo ni floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vya maji kuzunguka Meru vinavyopita kiwango hicho mara nyingi. Floraidi inaingia kwenye meno yakiwa bado yanaundwa, na inaingia kwenye mifupa maisha yote. Wapo watoto wa kwetu waliopinda miguu, na wazee ambao migongo yao haikunjiki tena.

Ngurdoto, jirani na nyumbani, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Wanatumia mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri, inapondwa kuwa chembe ndogo, na maji yanapitishwa humo. Nimeliona chujio lake kwa macho: ndoo ya plastiki yenye bomba chini, na ndani yake chembe nyeusi na za kijivu, nyingine bado zina vitundu vya mfupa ukiziangalia kwa karibu. Maji yanaingia na floraidi, yanatoka floraidi ikiwa imepungua sana. Iliyobaki imenaswa kwenye mfupa.

Nilikaa na jambo hilo jioni nzima.

Ng'ombe amekufa zamani. Mfupa umepita motoni. Hauna damu, hauna seli hai hata moja. Na bado unanasa.

Kwa hiyo jibu la "dawa inajuaje njia" ni kwamba haijui. Inazunguka na damu kila mahali, na mahali pengi inapita tu. Ikifika kwenye fuwele za mfupa inashikwa, kwa sababu ndiyo tabia ya fuwele hizo: floraidi inabadilishana nafasi na sehemu ya fuwele, MDP inajibandika juu ya uso wake, metali kama stronshiamu na radiamu zinaingia mahali pa kalsiamu. Waganga wa mionzi walishaitumia hata floraidi yenyewe. Mwaka 1962, Monte Blau na wenzake huko Buffalo, Marekani, walionyesha kwamba florini-18, yaani ile yenye mionzi, inaweza kuchora mifupa, na kamera za PET za leo, ambazo ni aina nyingine ya kamera za mionzi, bado zinaitumia. Nusu yake inapotea kila baada ya dakika 110, kwa hiyo mtambo wa kuitengeneza lazima uwe karibu na mgonjwa.

Kitu kilichoyapaka meno ya Ba'mdogo rangi akiwa mtoto, kwa umbo jingine na kwa kiasi kidogo mno, kinaweza kumpiga picha uzeeni.

Lakini hapo swali langu lilizidi kuwa gumu. Kama mfupa wowote unanasa, hata uliochomwa, mbona mifupa yote ya mzee haikuwa nyeusi sawasawa? Mbona nyonga, na siyo paja?

## Panya wa Copenhagen

Mwaka 1935, George de Hevesy na mwenzake Ole Chievitz, huko Copenhagen, waliwapa panya fosforasi yenye mionzi, kisha wakaifuatilia mwilini. Walikuta kwamba fosforasi ya kwenye mfupa inaingia na kutoka muda wote, hata kwa mnyama ambaye amekwisha kukua. Mfupa tunaouona kama nguzo iliyosimama unabomolewa na kujengwa kila siku. Hevesy alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943 kwa kazi yake ya kutumia atomi za mionzi kufuatilia mambo ya namna hii. Leo tunajua kwamba kwa mtu mzima takriban asilimia 10 ya mifupa yake inafanywa upya kila mwaka.

Hii ndiyo iliyonifungulia mlango. Sehemu kubwa ya fuwele za mfupa imezikwa ndani, damu haiigusi. Palipo na ujenzi, damu inakwenda kwa wingi na fuwele ni mpya, ndogo mno, na uso wake uko wazi. Hapo dawa inanasa zaidi.

Ndiyo maana mtoto mwenye afya njema anaonekana mweusi karibu na magoti na mabega: mifupa inarefuka pale. Ndiyo maana taya lililong'olewa jino linakolea, na goti la bibi mwenye yabisi linakolea. Kwa mwenye selimundu, kipande cha mfupa kilichokatiwa damu kinaweza kuonekana cheupe mwanzoni, kisha ukarabati ukianza kikageuka kuwa cheusi. Hata bandama yake, ikiwa imejaa makovu yenye kalsiamu, wakati mwingine inashika dawa na kujitokeza kwenye picha ya mifupa.

## Kamera haioni saratani

Nimeliandika hili peke yake kwa sababu ndilo lililonichukua muda kulikubali.

Kamera haioni saratani.

Inaona mfupa unavyoijibu. Seli za saratani ya tezi dume zina njia ya kufika kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1940 Oscar Batson alieleza mtandao wa mishipa ya damu isiyo na vali unaounganisha nyonga na pingili. Zikishafika, zinachochea seli zinazojenga mfupa, na ujenzi unafanyika ovyo ovyo. Doa jeusi ni ujenzi huo.

Saratani isiyochochea ujenzi inaweza kupita bila kuonekana. Myeloma, saratani inayoanzia kwenye uboho, inatafuna mifupa hadi inakuwa matundu matupu, na kipimo hiki kinaweza kutoka safi, kwa sababu hakuna kilichojengwa. Upande mwingine, ugonjwa wa tezi dume ukienea kwenye mifupa karibu yote, picha inatoka nzuri mno: mifupa myeusi sawasawa, hakuna doa linalojitenga na jirani yake. Mtu wa kawaida angeshangilia. Mtaalamu anatafuta figo, anazikosa kwenye picha, na anajua kwamba mifupa imemeza dawa yote.

Kuna kitu sikukisema kuhusu picha ya kwanza ya Ba'mdogo. Mbali na madoa matatu, ilikuwa na nukta tatu ndogo kwenye mbavu za kushoto, moja chini ya nyingine, zimenyooka. Daktari aliziangalia akauliza, "Mzee, ulianguka hivi karibuni?"

Ba'mdogo alinitazama kwanza mimi. Kisha akasema aliteleza shambani akiwa na mkungu wa ndizi begani, akaangukia ubavu. Hakumwambia mtu, hata Ma'mdogo, maana angezuiwa kwenda shamba.

Nukta zilizopangana namna ile kwenye mbavu jirani kwa kawaida ni pigo moja. Saratani ikikaa kwenye ubavu mara nyingi doa lake linarefuka kuufuata ubavu wenyewe. Daktari aliziandika kama mivunjiko na akaendelea.

Nilipozikumbuka hizo mbavu, wiki kadhaa baada ya miadi, niliomba CD ya picha na kuziangalia tena kwenye kompyuta ya rafiki. Kwenye picha mpya zile nukta tatu zimefifia, moja karibu haipo.

Zilikuwa nyeusi kwa sababu zilikuwa zinapona. Tuliziona kwa macho yetu tangu mwanzo, tukazipita kwa sababu tuliambiwa siyo saratani.

Kwenye nyonga mambo yanaweza kuwa yale yale. Homoni imeshushwa, seli za saratani zinakosa kinachozilisha, nyingine zinakufa. Mfupa unapata nafasi ya kuziba palipoharibiwa. Ujenzi unaongezeka kwa muda, na dawa inanasa zaidi. Hata madoa mawili mageni yanaweza kuwa ya zamani: yalikuwepo, lakini hayakuwa na ujenzi wa kutosha kuonekana, na sasa ukarabati ndio umeyaanika. Wataalamu wanaijua hali hii kwa miongo mingi, na inatokea hasa katika miezi mitatu ya mwanzo ya tiba.

Ningependa kuishia hapo. Siwezi, kwa sababu saratani inayosonga mbele nayo inakoleza. Doa la kupona na doa la kuzidiwa yana weusi ule ule, na hakuna jicho linaloweza kuyatenganisha kwa picha moja. Hili lilinisumbua kuliko yote. Nilikuwa nimelielewa jambo, na kulielewa hakukuniambia mzee wangu yuko upande gani.

## Waliotangulia kwenye njia hii

"Na hiyo mionzi," Ba'mdogo aliniuliza kwa simu, "ikishaingia kwenye mifupa inatoka lini?"

Ana haki ya kuuliza, maana njia hii ina historia chungu. Miaka ya 1910 na 1920, wasichana wa kiwanda kimoja cha Orange, New Jersey, walipaka rangi yenye radiamu kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Radiamu inafanana na kalsiamu, kwa hiyo mwili uliihifadhi mfupani. Taya ziliwaoza, mifupa ikavunjika, wengi walikufa vijana. Daktari Harrison Martland alitoa ushahidi wa kitabibu mwaka 1925, wakati waajiri wao walikuwa wakikana. Nusu ya radiamu-226 inachukua miaka 1,600 kupotea. Mifupa ya wale mabinti bado inatoa mionzi makaburini.

Kisha yakaja mabomu ya nyuklia ya majaribio yaliyolipuliwa hewani. Stronshiamu-90 ikaangukia majani, ikaingia kwenye maziwa, ikaishia kwenye meno ya watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanasayansi na akina mama wa mji wa St. Louis walianza kukusanya meno ya utotoni yaliyong'oka ili kupima, na wakaiona inapanda. Mwaka 1963 Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuacha kulipua hewani.

Nilimjibu Ba'mdogo hivi: nusu ya teknetiamu yako inapotea kila baada ya saa 6. Ukichomwa asubuhi, kesho yake asubuhi imebaki sehemu moja kati ya 16, na hiyo kabla ya kuhesabu iliyotoka na mkojo. Mionzi unayopata kwa kipimo kizima ni kama ile ambayo ardhi na anga humpa mtu kwa mwaka mmoja au miwili.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wale mabinti walipewa kitu kisichokwisha."

Ndiyo, Baba.

Nilichokuwa sikukijua ni kwamba njia ile ile ya radiamu sasa ni tiba. Radiamu-223, ambayo nusu yake inapotea kwa siku 11 na kidogo, inachomwa kwa wagonjwa wa tezi dume ambao saratani imeingia mifupani na dawa za homoni zimeacha kufanya kazi. Inakwenda palipo na ujenzi, pale pale ambapo MDP ingeweka doa jeusi, na inatoa miale ya alfa inayosafiri chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 921, ulikuta walioipata waliishi kwa wastani miezi 14.9, na wasioipata miezi 11.3. Miezi mitatu na nusu. Kwa aliye nje ni muda mdogo. Nilipohesabu Ba'mdogo anaweza kufanya nini ndani ya miezi mitatu na nusu, sikuuona mdogo.

## Mbili jumlisha mbili

Kuhusu kama daktari alikuwa anatufariji: hapana.

Watafiti wa saratani ya tezi dume walikutana na fumbo hili hili kwenye majaribio ya dawa. Walikuwa wakiwaondoa watu kwenye dawa iliyokuwa inawasaidia, kwa sababu tu picha ya kwanza baada ya tiba ilikuwa imekolea. Mwaka 2008 kikundi chao cha kimataifa kikaweka utaratibu. Kukolea kwa doa la zamani hakuhesabiki. Madoa mapya mawili kwenye picha ya kwanza ya ufuatiliaji hayatoshi. Inasubiriwa picha nyingine, angalau wiki 6 baadaye, na ikionyesha mengine mapya mawili juu ya yale, ndipo inasemwa ugonjwa umesonga. Huitwa kanuni ya mbili jumlisha mbili. Mwaka 2016 waliipitia upya na kuiacha ibaki. Iliwekwa kwa ajili ya majaribio na kwa wagonjwa waliofika hatua tofauti na ya Ba'mdogo, lakini hoja yake ni ile ile aliyotuambia daktari kwa maneno manne: tusiihukumu picha hii leo.

Natamani angetueleza na sababu. Najua foleni ilikuwa ndefu nje ya mlango. Hata hivyo, mzee aliyeambiwa "subiri" bila sababu anarudi Usa River akiwa na woga wa wiki nyingi ambao dakika tano zingeupunguza.

Ma'mdogo ndiye aliyeuliza swali ambalo nilishindwa kulijibu haraka. Nilikuwa nimemaliza kueleza kwa simu, wote wawili wakisikiliza, akasema: "Sasa kama picha haiwezi kusema, tunampeleka ya nini? Nauli, hoteli, kuchomwa tena."

Jibu nililompa, na ambalo bado naliamini, ni kwamba picha inasema ikiwa na wenzake. PSA imeshuka. Maumivu yamepungua. Mzee anakula na uzito umerudi. Picha peke yake ingekuwa shahidi mmoja mwenye maneno mawili. Pamoja na hao wengine, maneno yake yanaelekea upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Kama PSA ingekuwa inapanda na usiku halali, picha hii hii ningeisoma kwa hofu. Ma'mdogo hakusema amekubali. Aliuliza tarehe.

Tarehe nayo ina mashaka yake. Teknetiamu haihifadhiki, inatoka kwenye jenereta yenye molibdenamu-99, ambayo nusu yake inapotea kila saa 66. Wahudumu husema wanaikamua: wanapitisha maji ya chumvi na teknetiamu inatoka nayo. Baada ya wiki, jenereta imebakiwa na chini ya moja ya tano ya nguvu yake. Vinu vya nyuklia vinavyozalisha molibdenamu duniani ni vichache, na vingi ni vya zamani. Safari-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kimewashwa tangu 1965. Kinu cha Chalk River huko Kanada kilipozimwa kuanzia Mei 2009 hadi Agosti 2010, hospitali za dunia nzima ziliahirisha vipimo. Sisi tuliahirishiwa mara moja kwa sababu mzigo haukufika na ndege, na mzee alikuwa ameshapanda basi. Tangu hapo napiga simu kwanza, nasikia kwa sikio langu kwamba jenereta imefika, ndipo nakata tiketi, na naomba miadi iwe mwanzoni mwa wiki ya jenereta mpya.

Kipimo cha tatu ni mwezi ujao. Nimemwandikia Ba'mdogo kwenye karatasi tutakachomuuliza daktari, na swali la kwanza halihusu weusi. Yale matano yakikolea au yakififia, hatutayashughulikia sana safari hii. Tutauliza kama kuna mapya, mangapi, na wapi. Yakiwa mawili au zaidi, daktari ameshasema atabadilisha dawa na ametutajia atakayoanza nayo. Yasipokuwepo, sindano inaendelea kama kawaida, na Ba'mdogo anataka aruhusiwe kurudi shamba.